Punje kwa Punje: Kompyuta Inavyoushindilia Mchanga

Mchanga uliomwagwa na lori na kuachwa ulivyoanguka una nafasi tupu nyingi kuliko jicho linavyodhani. Zaidi ya theluthi moja ya ujazo wake ni hewa, na ukilegea sana hewa hiyo hukaribia nusu. Punje zenyewe, hasa zile za kwatzi, ni ngumu mno, na uzito wa jengo la kawaida hauzifinyi kiasi cha kuleta tofauti. Kwa hiyo kuushindilia mchanga ni kuzipanga upya punje zake ili zijaze palipokuwa wazi. Uzito mtupu hauiwezi vizuri kazi hiyo, kwa sababu kadiri unavyokandamiza ndivyo msuguano unavyozikaza punje pale pale zilipo. Mtetemo ndio unaozilegeza kwa kitambo kidogo na kuziacha ziteremke. Muuza mchele anayegonga ubavu wa kibaba anaifahamu kanuni yote ya msingi. Tabu ya mhandisi ni kwamba kibaba chake kina kina cha mita 20, kimejaa maji, na juu yake kunatakiwa kusimama bandari.

Hali ya mchanga hupimwa kwa uwiano wa nafasi wazi, yaani ujazo wa nafasi tupu ukigawanywa kwa ujazo wa punje. Tufe za ukubwa mmoja zikipangwa moja juu ya nyingine huacha wazi asilimia 48 ya ujazo wote. Kila moja ikikaa katika kishimo kilichoachwa na zile za chini yake, uwazi hushuka hadi asilimia 26. Mchanga halisi una mipaka yake wenyewe, hali ya kulegea kabisa na hali ya kushikamana kabisa, nayo hupatikana maabara. Mahali ulipo kati ya mipaka hiyo ndipo mhandisi anapopasoma kwa asilimia. Tuseme mipaka ni 0.80 na 0.50. Mchanga wenye uwiano wa 0.70 umefika asilimia 33 tu ya safari. Ukishindiliwa hadi 0.56 umefika asilimia 80, kiwango kinachokaribiana na kile ambacho wasimamizi wa miradi hukidai mara nyingi. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo. Ardhini, tabaka lenye unene wa mita 10 likifanyiwa hivyo, uso wake hushuka kwa sentimita 82.

Hatari ya kuuacha mchanga ukiwa umelegea ilidhihirika tarehe 16 Juni 1964, pale tetemeko la ukubwa wa 7.5 lilipoupiga mji wa Niigata nchini Japani. Majengo ya ghorofa ya Kawagishi-cho, yaliyosimama juu ya mchanga wa mto uliojaa maji, yaliinama, na moja likalala karibu chali huku kuta zake zikiwa nzima. Mchanga uliolegea ukitikiswa hutaka kushikamana. Nafasi zake zikiwa na maji ambayo hayapati pa kutokea haraka, maji ndiyo yanayobeba uzito badala ya punje, na kwa dakika chache ardhi hutiririka kama uji. Tetemeko lilikuwa likifanya kazi ya mkandarasi, ila baada ya nyumba kujengwa. Tiba, basi, ni kuutetemesha mchanga mapema. Visiwa vya kutengenezwa vya Port Island na Rokko Island huko Kobe vilipotikiswa mwaka 1995, sehemu zilizokuwa zimeshindiliwa zilititia kidogo sana kuliko sehemu za jirani ambazo hazikuguswa.

Mtambo wa tiba hiyo ulikuwepo zamani. Kampuni ya Johann Keller ya Ujerumani ilitengeneza kitetemeshi cha kwanza cha kina katika miaka ya 1930, kutokana na wazo la Sergey Steuermann, na kazi yake ya kwanza ilifanyika Berlin mwaka 1937. Umbo lake halijabadilika sana: bomba la chuma lenye urefu wa mita kadhaa na kipenyo cha sentimita 30 hadi 50, linaloning'inizwa kwa kreni. Ndani yake mota huzungusha uzito uliowekwa pembeni ya mhimili, na bomba zima huyumba kwa mduara. Maji yanayorushwa kutoka nchani hulisaidia kuzama. Likishafika chini huvutwa juu kidogo kidogo na kusimamishwa kwa muda katika kila hatua, huku shimo linalotokea juu likijazwa mchanga mwingine. Kisha kreni husogea mita mbili, tatu au nne na kuanza upya. Uzito ukizunguka mara 30 kwa sekunde na bomba likiyumba milimita 10 kila upande, mchapuko wake huwa kama mara 36 ya ule wa mvutano wa dunia.

Gharama ya mradi hutegemea maswali mawili yanayoonekana mepesi: vituo viachane kwa umbali gani, na kitetemeshi kikae kwa muda gani katika kila kina? Kwa miongo mingi jibu lilipatikana kwa majaribio uwanjani. Vituo vichache vilishindiliwa kwa umbali tofauti, ardhi ikapimwa, na umbali uliofaa ukachaguliwa. Njia hiyo bado inatumika, na hakuna mhandisi makini anayeiacha. Lakini inasema kilichotokea bila kusema kwa nini, na mchanga ukibadilika mita mia mbili mbele, mkandarasi hurudi mwanzo. Pengo hilo ndilo ambalo modeli za kompyuta zilikuja kuliziba, na hadi leo zimeliziba nusu.

Kabla ya kuhukumu modeli yoyote ni lazima kujua mchanga hufanya nini hasa. Mwaka 1971 Silver na Seed walionyesha kwa majaribio ya maabara kwamba mchanga mkavu hushuka kulingana na myumbo wake, yaani kiasi ambacho tabaka la juu huvutwa kando huku la chini likibaki, pamoja na idadi ya mizunguko na ulegevu wa awali. Mzigo uliolala juu yake, kwa myumbo ule ule, haukuwa na athari kubwa. Majaribio mengine yalibainisha kizingiti: myumbo ukiwa chini ya takribani sehemu ya kumi ya milimita kwa kila mita ya unene, punje husukumana na kurudi zilipokuwa, na mchanga haushikamani hata ukitikiswa kutwa. Youd naye, mwaka 1972, aliyumbisha mchanga kwa maelfu ya mizunguko akapata ushikamano unaopita kile ambacho vipimo vya kawaida vya maabara hukiita cha juu kabisa. Hivyo ile asilimia 100 ya vitabuni ni ya makubaliano tu, na mchanga haukushiriki kuyaweka.

Jaribio lililowasumbua wanafizikia zaidi lilifanyika katika Chuo Kikuu cha Chicago. Knight na wenzake walijaza shanga za kioo katika mrija mrefu, wakaugonga mara maelfu kwa maelfu, na kupima ujazo baada ya mapigo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalikuwa kwamba ushikamano haufiki mwisho haraka bali huongezeka kwa logarithimu. Kwa takribani, kinachopatikana kati ya pigo la 10 na la 100 hupatikana tena kati ya la 100 na la 1,000, kisha kati ya la 1,000 na la 10,000. Sababu ni ya kijiometri. Mwanzoni nafasi tupu ni kubwa na punje moja huingia kwa urahisi. Baadaye nafasi ni finyu kuliko punje, na ili moja iingie, nyingi za jirani zinapaswa kusogea kidogo kwa wakati mmoja, tukio linalozidi kuwa adimu kadiri nafasi zinavyopungua. Modeli isiyozaa mwendo huu wa pole pole ina kasoro, hata ikiwa picha zake zinapendeza.

Modeli iliyoukaribia mchanga kuliko zote ni ile inayofuatilia punje mojamoja. Peter Cundall na Otto Strack waliichapisha mwaka 1979, wakitumia sahani za duara katika bapa badala ya tufe, kwa kuwa kompyuta za wakati huo hazikuruhusu zaidi. Kila punje ni kitu kigumu chenye uzito, mahali na kasi. Punje mbili zikigusana huruhusiwa kuingiliana kidogo, na kuingiliana huko huzaa nguvu ya kuzisukuma zitengane, kana kwamba kati yake kuna springi. Pembeni ya springi kuna shokapu inayofyonza nishati, na kwa upande wa mtelezo kuna kikomo cha msuguano. Nguvu isipokifikia kikomo, punje zinashikana, ikikipita, zinateleza. Kompyuta hujumlisha nguvu zote zinazoigusa punje, hutumia kanuni ya pili ya Newton kupata mchapuko, huisogeza punje kidogo sana, hutafuta upya nani anamgusa nani, kisha hurudia. Hakuna mahali popote ambapo programu imeambiwa kwamba mchanga hushikamana ukitetemeshwa. Tabia hiyo hujitokeza yenyewe, na hapo ndipo ilipo heshima ya mbinu hii.

Cundall na Strack walilinganisha hesabu zao na picha za sahani za plastiki maalumu inayobadilika mwangaza inapobanwa. Picha zilionyesha kwamba mzigo hausambai sawasawa kati ya punje. Hupita katika minyororo, punje moja ikiisukuma nyingine kwa nguvu, huku majirani wakikaa karibu bila mzigo. Mtetemo hufanya kazi kwa kukata minyororo hii. Kwa nukta ya muda mguso mmoja hulegea, mnyororo huporomoka, punje zilizokuwa zikilindwa nao huteremka katika shimo lililo chini yao, na mnyororo mwingine hujengwa mahali pengine. Katika uigaji inaonekana wazi kwamba kwenye mzunguko mmoja punje nyingi hutikisika tu na kurudi; kushikamana kote hutokana na maporomoko madogo ya hapa na pale. Hakuna kipimo cha uwanjani kinachoweza kuonyesha jambo hilo.

Bei yake ni kubwa. Mita moja ya ujazo ya mchanga wenye punje za nusu milimita ina takribani punje bilioni 9. Kituo kimoja cha kitetemeshi, vituo vikiachana mita tatu na kina kikiwa mita 10, kinahusu kama punje bilioni 700. Muda nao ni adui. Kwa kuwa kwatzi ni ngumu na punje ni ndogo, mshtuko hupita ndani ya punje kwa haraka mno, na hesabu hubaki thabiti tu ikiwa hatua yake ni ya takribani sehemu moja ya milioni 20 ya sekunde. Dakika moja ya mtetemo inadai hatua zaidi ya bilioni moja, na katika kila hatua punje zote zihesabiwe.

Wanaofanya kazi hii hupunguza deni hilo kwa hila kadhaa. Punje hukuzwa mara kumi au zaidi. Ugumu wake hushushwa: ukipunguzwa mara 100, hatua ya muda inaweza kurefushwa mara 10. Eneo hukatwa kuwa kipande chembamba, na punje inayotokea kushoto hurudishwa kulia. Kila hila ina madhara yake. Punje laini mno hubonyea zinapopaswa kuteleza, na punje zilizokuzwa zikikaribia ukubwa wa kitetemeshi chenyewe huacha kufanana na mchanga. Msomaji wa ripoti ya namna hii anafaa kutazama kwanza jedwali la hila zilizotumika, ndipo ageukie picha za rangi.

Umbo la punje ni mgogoro wa peke yake. Tufe hubingirika kwa urahisi, ilhali punje ya mchanga wa mto ina pembe na hukwama. Modeli ya tufe tupu hutoa mchanga dhaifu unaoshikamana haraka kupita kiasi. Wengine huweka breki ya bandia dhidi ya kubingirika, njia iliyotangazwa na Iwashita na Oda mwaka 1998. Wengine hubandika tufe kadhaa pamoja ili zifanye punje yenye vinundu. Njia ghali kuliko zote ni kupiga mchanga halisi picha za eksirei zenye pande tatu na kuingiza kila punje kwenye kompyuta na sura yake. Kawamoto, Andrade na wenzao walifanya hivyo kwa sampuli ya punje zaidi ya 50,000, matokeo yakatoka mwaka 2018, na mpasuko uliotokea ndani ya sampuli halisi ukajitokeza pia ndani ya kompyuta. Lakini punje 50,000 za mchanga zinaenea kiganjani.

Kwa hiyo anayetaka kuhesabu uwanja mzima huzisahau punje na kuuchukulia mchanga kama kitu kimoja kisicho na vipande, kisha hukigawa katika wavu wa vyumba vidogo. Kila chumba hupewa kanuni inayosema: ukiyumbishwa hivi, ukiwa na ulegevu huu na mzigo huu, utashikamana kiasi hiki. Ugumu wote umehamia katika kanuni hiyo. Kanuni za zamani za mitambo ya udongo ziliandikwa kwa mzigo unaoongezeka upande mmoja, nazo hukosea vibaya mzigo unapokwenda na kurudi. Ama hazioni kushikamana kokote, au huukusanya upesi mno hadi mchanga kuwa mgumu kuliko jiwe baada ya mizunguko mia moja. Watafiti wa Ujerumani, hasa wa Karlsruhe, walitunga kanuni zinazokumbuka mwelekeo wa myumbo wa mwisho, ili mchanga ujue kama unasukumwa mbele au unarudishwa.

Hata hivyo kosa dogo katika kila mzunguko, likirudiwa mara 1,800 kwa dakika, huwa kosa kubwa. Niemunis, Wichtmann na Triantafyllidis walikuja mwaka 2005 na njia ya kukwepa tatizo hilo. Kompyuta huhesabu kikamilifu mizunguko michache ya mwanzo ili kupata ukubwa wa myumbo katika kila chumba. Kuanzia hapo huacha kutikisa na kuihesabu mizunguko kama vile muda unaopita, ikiongeza kushikamana kulingana na mraba wa myumbo na idadi ya mizunguko iliyokwisha. Baada ya kila kundi la mizunguko husimama na kupima myumbo upya, kwa kuwa mchanga ulioshikamana hutikisika kwa kiasi kidogo kuliko awali. Modeli za aina hii hueleza vizuri kwa nini umbali kati ya vituo una kikomo: myumbo hupungua upesi mtu anapoondoka kwenye bomba, na mahali unaposhuka chini ya kile kizingiti, muda wa ziada hauongezi kitu. Tatizo la pembeni ni kingo za wavu, ambazo huyarudisha mawimbi ndani kama ukuta. Tangu kazi ya Lysmer na Kuhlemeyer ya mwaka 1969, kingo huvalishwa shokapu za kuyameza.

Rola la barabarani ni ndugu mdogo wa kitetemeshi, na modeli yake ni nyepesi zaidi. Yoo na Selig, mwaka 1979, waliliwakilisha kwa uzito wa aina mbili, ngoma na fremu, vikiunganishwa kwa springi, na ardhi iliyo chini ikiwa springi na shokapu nyingine. Hesabu hiyo fupi inatosha kuonyesha ngoma ikishika ardhi muda wote, ikiruka kidogo, au ikiruka kwa fujo ardhi inapokuwa ngumu. Wasweden walilichukua jambo hilo kwa manufaa tangu miaka ya 1970, Heinz Thurner akiwa miongoni mwa waanzilishi, kwa kufunga kwenye ngoma kifaa kinacholinganisha mtetemo wa msingi na ule wenye kasi mara mbili yake. Ardhi ikikaza, wa pili huongezeka, na dereva husoma ushikamano akiwa kitini. Kisichoonekana katika modeli za springi ni kwamba tabaka la juu kabisa hubaki limelegea, kwa kuwa halina uzito wa kulizuia lisirushwe. D'Appolonia na wenzake walipopitisha rola juu ya tabaka nene la mchanga wa matuta, matokeo waliyoyatoa mwaka 1969 yalionyesha ushikamano mkubwa zaidi ukiwa kama nusu mita chini ya uso. Uigaji wa punje huonyesha jambo hilo bila shida.

Matokeo ya modeli yoyote hupimwa kwa koni ya Kiholanzi, fimbo yenye ncha ya chuma ya sentimita 10 za mraba inayosukumwa ardhini kwa sentimita 2 kila sekunde huku ukinzani ukiandikwa, kabla ya kushindilia na baada yake. Hapo ndipo michanga ya pwani za joto inapoleta matatizo. Katika kisiwa cha Palm Jumeirah huko Dubai, kilichoanza kujengwa mwaka 2001 kwa takribani mita za ujazo milioni 94 za mchanga uliochotwa chini ya bahari na kisha kushindiliwa kwa vitetemeshi, sehemu kubwa ya punje za Ghuba ni vipande vya makombe na matumbawe. Mchanga wa fukwe nyingi za Unguja na Pemba ni wa jamii hiyo hiyo. Punje za chokaa zina matundu ndani na huvunjika, kwa hiyo koni hukuta ukinzani mdogo kuliko kwenye kwatzi yenye ushikamano ule ule, na usomaji wake husahihishwa. Kwa modeli ya punje maana yake ni kwamba kila tufe liweze kupasuka na kuzaa tufe ndogo, na idadi huongezeka hesabu ikiendelea.

Jambo gumu zaidi lilishuhudiwa barani Afrika. Bwawa la Jebba katika mto Niger, nchini Nigeria, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 juu ya mchanga wa mto uliolegea kwa kina kirefu. Tabaka za juu zilishindiliwa kwa vitetemeshi na za chini zaidi kwa baruti. Mara baada ya milipuko uso wa ardhi ulishuka, ishara kwamba mchanga umeshikamana, lakini koni ikaonyesha ukinzani mdogo kuliko wa mwanzo. Wiki zilipopita, bila mtu kuugusa mchanga, ukinzani ulipanda na kuendelea kupanda. Mitchell na Solymar walilieleza tukio hilo mwaka 1984 na kupendekeza kwamba madini yaliyoyeyuka yanagandisha migusano ya punje. Wengine baadaye walisema punje huendelea kusogea taratibu na kujenga minyororo imara zaidi, na mabishano hayajaisha. Katika modeli nyingi za punje, springi ya mguso haichakai wala haigandi: mtetemo ukikoma na punje zikitulia, nguvu ya mchanga siku ya kwanza ni ile ile ya siku ya 30. Ndiyo sababu kwenye maeneo ya kazi mashine ya koni haipelekwi mara kreni inapoondoka. Mchanga huachwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki, ndipo upimwe, na usomaji huo wa baadaye ndio unaotumika kurekebisha modeli kabla ya umbali wa vituo vinavyofuata kupangwa.